Podikasti ni faili na anwani yake

Anayetaka kuanzisha podikasti huanza na swali la maiki: ninunue ipi, na kwa bei gani? Swali si baya, ila limeruka foleni. Wengi wanaoishia njiani hawakukwamishwa na maiki. Walikwamishwa na chumba, na ratiba wasiyoiweza, na kutojua hasa wanachokimiliki ni kipi. Tuanze na hilo la mwisho, maana ndilo linalofungua mengine.

Podikasti, ukiivua mapambo, ni vitu viwili: faili la sauti lililowekwa mahali kwenye intaneti, na anwani inayoitwa mlisho wa RSS. Mlisho ni ukurasa wa maandishi unaosomwa na mashine. Ndani yake mna jina la podikasti, picha yake, lugha yake, na orodha ya vipindi, kila kipindi na kiungo cha faili lake. Programu za kusikilizia huuchungulia mlisho huo mara kwa mara; zikikuta kipindi kipya humpelekea msikilizaji aliyejiandikisha. Basi, hakuna uchawi zaidi ya huo.

Neno lenyewe lilichapishwa mwaka 2004 katika gazeti la Guardian la Uingereza, likiunganisha iPod, kile kichezeshi cha muziki cha Apple, na utangazaji, na Juni 2005 Apple ikaingiza podikasti ndani ya iTunes. Tangu hapo programu zimekuja na kuondoka. Google ilifunga Google Podcasts mwaka 2024, na waliokuwa na mlisho wao hawakupoteza kipindi hata kimoja: wasikilizaji walihamia programu nyingine, anwani ikabaki ileile. Ukiwa na chaneli ya YouTube peke yake, anwani ni ya YouTube, nawe ni mpangaji. Si vibaya kupanga, mradi ujue kwamba huna hati.

Kabla ya kutoa pesa mfukoni

Andika vichwa 20 vya vipindi. Si mada 20, bali vichwa kama vitakavyosomeka kwenye simu ya msikilizaji. Ukiishia cha 7, wazo lako ama ni jembamba mno, ama ni pana mno kiasi cha kukosa mpaka. La pili hutokea zaidi. "Maisha na mafanikio" haina mpaka, na kila mtu tayari anaizungumzia. "Mirathi: nani anapata nini mzazi akifariki" ina mpaka, na ina vichwa 20 bila kutoka jasho: nyumba isiyo na hati, mke wa pili asiyejulikana na ndugu, akaunti ya benki, shamba la ukoo, mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa. Mtu mwenye shida hiyo atakutafuta kwa jina la shida yake, wala si kwa jina lako.

Halafu piga hesabu ya saa. Kipindi cha dakika 30 kinahitaji takriban saa 2 za maandalizi, saa 1 ya kurekodi ukihesabu kupanga vyombo, saa 2 hadi 3 za kuhariri, na saa 1 ya maelezo, picha na kipande cha kusambaza. Jumla saa 6 au 7. Anayefanya kazi ya kuajiriwa akiahidi kipindi kila wiki ameahidi karibu siku nzima ya kazi kila wiki, na ahadi hiyo hufa kimyakimya mwezi wa pili. Kila baada ya wiki mbili ni ahadi inayotekelezeka. Tena rekodi vipindi 4 kabla hujatoa cha kwanza: toa 2 au 3 siku ya uzinduzi ili anayekupenda apate cha kuendelea nacho, kingine kikae akiba kwa wiki ambayo utaugua au umeme utakatika.

Chumba ndicho chombo ghali zaidi

Nyumba zetu nyingi ni za tofali za saruji, sakafu ya vigae, dari ngumu. Piga kofi moja katikati ya sebule kama hiyo: utasikia mlio mfupi ukifuata kofi. Mlio huo ndio utakaoikalia kila silabi yako, na ni programu chache zinazouondoa vizuri zikaacha sauti salama. Kelele za nje msikilizaji huzisamehe, hata jogoo. Mwangwi humchosha bila yeye kujua kinachomchosha, akazima.

Hamia chumba cha kulala. Godoro, nguo, mapazia mazito na blanketi hunyonya sauti. Wengi hukosea mahali pa kuziweka. Maiki za kawaida za usemi husikia zaidi upande wa mbele, yaani zinakutazama wewe pamoja na ukuta ulio nyuma ya mgongo wako. Huo ndio ukuta wa kuvika kwanza. Simamisha godoro nyuma yako, au tundika blanketi mbili nzito zikiwa sentimita 20 hadi 30 kutoka ukutani, kwa kuwa nafasi hiyo ya hewa huzisaidia kunyonya sauti nzito kidogo. Kabati la nguo lililofunguliwa milango nyuma yako ni studio nzuri kuliko inavyoonekana. Trei za mayai zilizobandikwa ukutani, ambazo zimepamba studio nyingi mitaani, hazifanyi kazi hiyo: ni nyepesi mno kunyonya sauti ya mtu, na huishia kutawanya kidogo sauti za juu tu. Zinapendeza kwenye picha, hilo halina ubishi.

Zima feni na friji, na ukizima friji weka ufunguo wa gari au pochi ndani yake usisahau kuliwasha. Chomoa chaja ya kompyuta na urekodi kwa betri. Umeme wetu hutikisika mara 50 kwa sekunde, na chaja isiyo na waya wa ardhi huingiza muungurumo wa hertzi 50 pamoja na ndugu zake wa 100 na 150 moja kwa moja kwenye rekodi. Simu zote ziwe hali ya ndegeni. Simu inayotafuta mtandao karibu na waya wa maiki huacha ule mlio wa zizizi unaofahamika na kila mwenye spika nyumbani. Mvua juu ya mabati haina dawa kabisa. Akiba ya vipindi irekodiwe kabla ya masika, basi.

Maiki, sasa

Kuna koo mbili. Maiki za kondensa husikia kila kitu, pamoja na pikipiki ya mtaa wa pili. Zinafaa chumba kilichotulia kweli. Maiki za dainamiki ni nzito za kusikia, zinakutaka ukaribie, na kwa hiyo huacha mengi ya nje hukohuko nje. Kwa nyumba isiyo studio, chagua dainamiki. Samson Q2U na Audio-Technica ATR2100x zina matundu mawili, la USB kwa leo na la XLR, plagi ya pini tatu ya vyombo vya sauti, kwa siku utakaponunua mashine ya kuchanganya sauti, hivyo huzitupi ukikua. Shure SM7B unayoiona kwenye video za wakubwa ni maiki bora, lakini inahitaji nyongeza ya sauti ya desibeli kama 60, na mashine za bei rahisi zikisukumwa hadi hapo huanza kutoa mchachato. Kununua maiki hiyo bila mashine ya kuibeba ni kununua ng'ombe bila kamba.

Kama huna fungu, simu uliyo nayo na maiki ya kubana kifuani yenye waya inatosha kuanza. Ibane upana wa kiganja chini ya kidevu, mbali na cheni na ushungi unaosugua. Simu bila maiki yoyote pia hurekodi vizuri ikiwa sentimita 15 hadi 20 kutoka mdomoni, ndani ya lile kabati la nguo.

Umbali wa maiki ya mezani ni sentimita 10 hadi 15, pembeni kidogo mwa mdomo, isikutazame uso kwa uso. Sababu ni herufi P na B, ambazo hutoa pumzi kama ngumi ndogo. Kipimo tunacho tayari kwenye lugha: sema "pema usijapo pema, ukipema si pema tena" kwa sauti yako ya kawaida, kisha sikiliza kwa hedifoni. Ukisikia mabomu, geuza maiki nyuzi 30 au iongezee sifongo.

Watu wawili wanahitaji maiki mbili. Umbali kati ya maiki na maiki uwe angalau mara 3 ya umbali wa kila maiki na mdomo wake; kama mdomo uko sentimita 15, maiki zipishane sentimita 45 au zaidi. Zikikaribiana, sauti ya kila mmoja huingia kwenye maiki zote mbili kwa kuchelewa kidogo, ikatoka kama ya mtu anayeongea ndani ya bomba. Maiki mbili za USB kwenye kompyuta moja huleta matatizo mengi. Hapo ndipo mashine yenye matundu mawili ya XLR, au kinasa kama Zoom PodTrak P4 chenye matundu manne, inapolipa gharama yake.

Rekodi kwa hertzi 48,000 na biti 24 kama chombo kinaruhusu. Vilele vya sauti vicheze kati ya desibeli -12 na -6. Sauti ya chini huinuliwa baadaye. Sauti iliyogonga 0 imekatwa kichwa, na kichwa hakirudishwi. Acha sekunde 10 za kimya mwanzoni, bila hata kupumua kwa nguvu. Utazihitaji wakati wa kuhariri.

Mgeni aliye mbali

Usirekodi simu ya WhatsApp. Sauti yake imebanwa ili ipite kwenye mtandao dhaifu, na kila mtandao ukiyumba maneno humezwa. Njia ya uhakika na isiyo na gharama: ongeeni kwa WhatsApp mkiwa na hedifoni, huku kila mmoja akijirekodi upande wake kwa chombo cha pili. Mgeni anaweza kutumia simu ya ndugu yake yenye kinasa sauti. Mwanzoni hesabuni pamoja "moja, mbili, tatu" kisha kila mtu apige kofi. Makofi hayo ndiyo utakayoyalinganisha wakati wa kuhariri. Mwisho mgeni akutumie faili kama waraka, si kama ujumbe wa sauti, maana ujumbe wa sauti hubanwa upya.

Kuna mtego mmoja hapa. Faili la mgeni likiwa la hertzi 44,100 na mradi wako ukilisoma kama la 48,000, atasikika akikimbia karibu asilimia 9, sauti imepanda kama ya mtoto. Badilisha kiwango cha faili kwanza ndipo uliingize. Na katika mazungumzo ya saa nzima, saa za vyombo viwili huachana taratibu, kwa hiyo piga kofi jingine mwishoni ujue zimeachana kiasi gani.

Kuhariri bila kuua uhai

Audacity ni ya bure na inatosha. Mpangilio una maana yake. Kwanza ondoa kelele za chumba: chagua zile sekunde 10 za kimya, iambie programu hiyo ndiyo kelele, kisha punguza kwa desibeli 6, zisizidi 12. Ukipitiliza, sauti hutoka kama redio iliyozamishwa mtungini. Pili, kata kila kilicho chini ya hertzi 80. Sauti ya mtu haipotezi kitu, ila mtetemo wa meza na malori hupotea. Tatu, kikandamizi cha sauti kwa uwiano wa 3 kwa 1, ili mnong'ono na kicheko visiachane mno. Mwisho kabisa, sawazisha ukubwa wa sauti. Apple hupendekeza LUFS -16 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia), na kilele kisichozidi desibeli -1. Spotify hutumia -14. Ukitoa kwa -16 utakubalika kote. Msikilizaji wa kwenye daladala akikuta kipindi chako kiko chini hadi sauti ya simu imeishia juu na bado hakusikii, ujue hatua hii ndiyo iliyorukwa.

Katika maneno yenyewe, toa vikohozi, marudio na maswali yaliyozaa jibu la "ndiyo". Usitoe kila "eeh". Mswahili anayeongea bila "eeh" hata moja anasikika kama tangazo la benki.

Kisha ukubwa wa faili, jambo ambalo miongozo ya Ulaya na Marekani hulipita haraka kwa kuwa huko bando si mkate wa kila siku. Kwa mazungumzo matupu toa MP3 ya mono, yaani mkondo mmoja wa sauti, kilobiti 64 kwa sekunde: dakika 30 ni megabaiti 14.4. Kilobiti 128 ni 28.8, mara mbili, na kwa sauti ya mtu mmoja kwenye hedifoni za mtaani tofauti ni ndogo. Kama muziki una nafasi kubwa, panda hadi 96. Faili la asili la WAV lihifadhi kwenye diski mbili tofauti. MP3 usiihariri upya.

Kuweka hewani

Faili haliwekwi Spotify wala Apple moja kwa moja, isipokuwa umeichagua Spotify iwe ndiyo inayokuhifadhia. Unalipeleka kwa kampuni ya kuhifadhi podikasti, yenyewe inakutengenezea mlisho, nawe unaupeleka mlisho huo Apple, Spotify, YouTube na kwingineko mara moja tu. Spotify for Creators huhifadhi bila malipo. Nyingine hutoza kwa mwezi. Kabla ya kuchagua, uliza mambo mawili: je, nikihama mtaelekeza mlisho wangu kwenye anwani mpya kwa njia ya 301, yaani uelekezaji wa kudumu? Na je, nikiacha kulipa, vipindi vya zamani vitabaki? Asiyejibu la kwanza kwa "ndiyo" mpite.

Picha ya jalada iwe mraba, pikseli 3,000 kwa 3,000, JPEG au PNG. Chini ya 1,400 Apple huikataa. Itazame ikiwa na ukubwa wa kucha ya dole gumba: jina lisiposomeka hapo, punguza maneno. Lugha ichaguliwe Kiswahili, msimbo "sw". Wengi huacha Kiingereza kilichojichagua, wakajiweka katika rafu isiyo yao. Barua pepe iliyo kwenye mlisho iwe unayoifungua, kwa sababu namba za kuthibitisha umiliki hutumwa humo. Na ukikuta kosa ndani ya kipindi, badilisha faili tu, usikifute na kukiweka upya. Kila kipindi kina namba yake ya utambulisho ndani ya mlisho, na namba ikibadilika wasikilizaji hukipata mara mbili.

Kuhusu muziki, ile kanuni ya mitaani kwamba sekunde 7 au 30 za wimbo ni bure haipo katika sheria yoyote. Mlipe mpiga udi au kinanda wa mtaani kwako atunge sekunde 10, na muandikiane karatasi inayosema muziki huo unaruhusiwa kutumika kwenye podikasti bila kikomo cha muda. Tanzania ina Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2020, zilizorekebishwa 2022, zinazosimamiwa na TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Anayegusa habari na matukio aulize TCRA kuhusu leseni kabla ya kipindi cha kwanza. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na Tanzania yake ni ya 2022. Ridhaa ya mgeni irekodiwe, hasa akisimulia ugonjwa au kesi.

Kukua ni nini hasa

Takwimu za upakuaji zina namna yake ya kudanganya. Kwa vigezo vya IAB, chama cha matangazo ya mtandaoni, vinavyofuatwa na kampuni nyingi, upakuaji huhesabiwa faili likishashushwa kiasi cha dakika moja ya sauti, na maombi ya anwani moja ya mtandao yenye programu ya aina moja huhesabiwa mara moja ndani ya saa 24. Mitandao ya simu huwapitisha wateja wengi kwenye anwani moja. Kwa hiyo wasikilizaji wawili wenye simu na programu za aina moja wanaweza kuonekana mtu mmoja. Faili linalozungushwa kwenye makundi ya WhatsApp halihesabiwi kabisa. Namba yenye maana ni hii: kipindi hiki kimepakuliwa mara ngapi ndani ya siku 7 za kwanza, kikilinganishwa na kilichotangulia?

Namba ya pili ni mchoro wa usikilizaji, ambao Apple na Spotify huwaonyesha wenye podikasti. Mara nyingi mteremko mkali uko dakika 2 za mwanzo, na chanzo chake ni adabu zetu wenyewe: salamu, shukrani, wasifu wa mgeni tangu shule ya msingi. Ana kwa ana hiyo ni heshima. Kwenye hedifoni, anza na sekunde 20 za jambo lenyewe, sentensi kali ya mgeni au swali linalouma, ndipo mpigiane hodi.

Kichwa kianze na maneno anayoyatafuta msikilizaji. "Kipindi cha 12: Mazungumzo na mwanasheria" hakitafutwi na mtu. "Nyumba ya marehemu haina hati: warithi wafanyeje?" kinatafutwa. Andika maelezo ya maneno 100 hadi 150 kwa Kiswahili, ukitumia maneno ya pande zote, mirathi na urithi, maana msikilizaji wa Nairobi na wa Tanga huenda hawaandiki neno moja. Apple ilipoanza kutengeneza maandishi ya vipindi kwa mashine mwaka 2024, ilianza na Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani na Kihispania, kwa hiyo usitegemee mashine ikuandikie.

Usambazaji unaozaa zaidi ni wa aina mbili. Kipande cha sekunde 45 hadi 60 chenye maandishi juu ya picha, kinachoisha kabla ya jibu, pamoja na kiungo kimoja tu. Na kwenda kuwa mgeni kwenye podikasti ya mwenzio, kwa sababu hapo unakutana na watu ambao tayari wana programu ya kusikilizia na wanajua kuitumia. Kumfundisha mtu podikasti ni nini, huku ukimshawishi aisikilize yako, ni kazi mbili kwa mpigo.

Pesa huja kwa upande usiotarajiwa. Tuseme tangazo linalipa dola 15 kwa kila upakuaji 1,000: podikasti yenye wasikilizaji 300 itapata dola 4.50 kwa kipindi. Lakini wasikilizaji hao 300, kama wote wana shauri la mirathi, ni mali kwa ofisi ya wakili au mpima ardhi. Uza udhamini kwa bei ya kipindi kizima, au ya vipindi 4 kwa pamoja, usiuze kwa kichwa cha msikilizaji. YouTube huanza kugawana nawe mapato ya matangazo baada ya wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Michango ya M-Pesa au lipa namba inaingia vizuri ukiitaja mara moja kwa kipindi, kwa lengo moja linaloeleweka, mathalani maiki ya pili.

Ukichoka, funga msimu hewani: kipindi cha dakika 2 kinachotaja mwezi wa kurudi. Kama utahamia kampuni nyingine ya kuhifadhi wakati wa mapumziko, weka ule uelekezaji wa 301 na uuache angalau wiki 4 kabla ya kufunga akaunti ya zamani, ili hata simu iliyokaa mwezi bila bando ikija kuamka iukute mlisho ulipohamia.